Mgawo wa Tegeta: zawadi, mchango au mshiko?

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Andika 40,425,000, gawanya kwa 1,617. Jibu ni 25,000, hakuna kinachobaki. Gawanya 80,850,000 kwa 1,617 ileile, unapata 50,000. Weka 161,700,000, unapata 100,000. Weka 404,250,000, unapata 250,000. Na ile iliyotikisa nchi, shilingi bilioni 1.617, inakupa milioni moja.

Hizi ni fedha zilizoingia kwenye akaunti za watu mbalimbali katika Benki ya Biashara ya Mkombozi, Dar es Salaam, Februari 2014. Zilitoka kwa kampuni ya VIP Engineering and Marketing ya mfanyabiashara James Rugemalira. Waliopokea ni waziri aliyekuwa madarakani, mawaziri wa zamani, wabunge, majaji, maofisa wa serikali na viongozi wa dini. Dola moja wakati ule ilikuwa shilingi elfu moja mia sita na ushee, kwa hiyo hesabu inajieleza yenyewe: aliyegawa alifikiri kwa dola, na aligawa kwa mafungu.

Naanza na hesabu hii kwa sababu katika kelele zote za Tegeta Escrow, ile kashfa ya fedha za mtambo wa umeme zilizotolewa Benki Kuu, ndiyo iliyonikaa kichwani. Mtu anayekusaidia kuezeka darasa anakupa bei ya mabati. Anayekusaidia kumtibu mzazi anakupa bei ya operesheni. Mbunge, ofisa wa umma na padri waliopata fungu moja la dola 25,000 hawakuwa na shida moja yenye bei moja. Kabla hatujauliza nani kaiba na fedha ni za nani, tarakimu zenyewe zinatutaka tuulize swali jingine: kiongozi wa umma anapopewa, anapewa nini hasa?

Kisa hiki kimeshaandikwa sana kama kisa cha wizi. Mimi nataka kukisoma kama kisa cha maadili, maana hapo ndipo tulipoteleza na hatujanyanyuka.

Mtambo na mbuzi wa ugomvi

Watanzania wa umri wangu neno mgawo tulilijifunza gizani. Miaka ya tisini mabwawa yalikauka, TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikatoa ratiba za kukata umeme, na mgawo ukawa sehemu ya maisha kama foleni ya maji. Katika hali hiyo ya dharura ndipo serikali ilipoingia mkataba na Independent Power Tanzania Limited, yaani IPTL, Mei 1995. Kampuni hiyo ilikuwa ya ubia: Mechmar ya Malaysia asilimia 70, VIP ya Rugemalira asilimia 30. Ingejenga mtambo wa megawati 100 pale Tegeta na kuiuzia TANESCO umeme kwa miaka 20. Ugomvi wa gharama ulianza kabla hata mtambo haujawaka, ukapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, na umeme wa kibiashara ukaanza kutoka 2002.

Mkataba ulikuwa na kitu kinachoitwa kapasiti chaji. TANESCO ililipa kila mwezi kwa sababu tu mtambo upo tayari, uwashwe usiwashwe. Baadaye TANESCO ikadai kwamba mtaji uliotumika kukokotoa tozo hiyo haukuwahi kuwekwa kama ulivyoandikwa kwenye makaratasi, kwa hiyo inatozwa kupita kiasi. Mwaka 2006 wakakubaliana kufungua akaunti ya Escrow Benki Kuu. TANESCO iweke fedha humo, asiguse mtu, mpaka ugomvi uishe.

Kwa mtu wa kijijini akaunti ya namna hii haihitaji mwanasheria kuielewa. Majirani wawili wanagombea mbuzi. Mbuzi anapelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, anafungwa pale, anakula majani ya mjumbe mpaka shauri limalizike. Mjumbe hana ruhusa ya kumchinja, wala ya kumpa mmoja wao kwa sababu kaja na maneno matamu. Benki Kuu ndiyo iliyokuwa mjumbe.

Septemba 2013 Mahakama Kuu iliridhia VIP iondoe ombi lake la kuifilisi IPTL, na masuala ya kampuni hiyo yakakabidhiwa kwa Pan Africa Power Solutions, PAP, ya Harbinder Singh Sethi. PAP ilinunua kutoka kwa VIP ile asilimia 30 yake ya IPTL kwa dola milioni 75. Miezi michache tu baada ya uamuzi huo, fedha za Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, zikawa zimeshatoka Benki Kuu. Wakati huohuo benki ya Standard Chartered Hong Kong, iliyokuwa imenunua deni la IPTL, ilikuwa imeishtaki TANESCO katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Februari 2014, mwezi uleule mafungu yanaingia Mkombozi, baraza hilo lilitoa uamuzi kwamba tozo ikokotolewe upya. Maana yake malalamiko ya TANESCO yalikuwa na msingi. Mbuzi alishachinjwa. Na mwaka 2016 baraza hilohilo liliamuru TANESCO iilipe benki ile dola milioni 148.4.

Swali lililomeza mengine

Habari ziliibuka magazetini mwanzoni mwa 2014. Bungeni, aliyelibeba suala hilo ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, kijana wa upinzani aliyekuwa akisimama na makabrasha yake bila kuchoka. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alifika mahali pa kumwita tumbili mbele ya Bunge zima. Wafadhili wakazuia fedha za bajeti zilizokaribia nusu bilioni ya dola. CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakaagizwa wachunguze, na Novemba 26, 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM ikasoma ripoti.

Nakumbuka jioni zile. Mtaani kwetu redio moja ilikusanya watu kama msiba. Maneno ya fedha kubebwa kwenye viroba na sandarusi yakawa gumzo, na neno mgawo likapata maana yake ya pili: wao wanagawana, sisi tunagawiwa giza.

Novemba 29 Bunge likapitisha maazimio manane. Uteuzi wa mawaziri na watendaji wahusika utenguliwe, wenyeviti watatu wa kamati za Bunge waachie nafasi zao, majaji wachunguzwe, benki zilizohusika zitazamwe kwa utakatishaji wa fedha, mtambo ununuliwe na serikali. Kwa Bunge lenye wingi wa chama tawala, lilikuwa jambo kubwa, na wabunge wa CCM waliolisimamia wanastahili heshima yao mpaka leo.

Lakini tangu siku ya kwanza mjadala ulivutwa kwenye swali moja: fedha za Escrow zilikuwa za umma au za binafsi? Kamati ilisema kuna fedha za umma ndani yake. Serikali ilisema ni za IPTL. Rais Jakaya Kikwete, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam Desemba 22, 2014, alitumia muda mrefu kueleza kwamba fedha zile hazikuwa za umma, na kwamba cha serikali ndani yake kilikuwa kodi.

Ni swali halali kwa mhasibu na kwa mahakama. Kwa maadili ya kiongozi lilikuwa swali la kupoteza watu njia. Tuseme serikali ilikuwa sahihi kabisa. Tuseme kila senti ilikuwa ya Rugemalira, jasho lake, hisa zake alizouza kwa haki. Bado waziri amepokea dola milioni moja kutoka kwa mfanyabiashara ambaye kampuni yake ina shauri kubwa na serikali ambayo waziri huyo ni sehemu yake. Jaji amepokea. Mtu aliyewahi kuiongoza wizara ya nishati amepokea. Usafi wa fedha kwa mtoaji hauifanyi safi mikononi mwa mpokeaji mwenye ofisi. Ukimlipa refa kwa hela ya mshahara wako halali, mechi imeshaharibika.

Mama wa shule

Profesa Anna Tibaijuka ndiye ninayetaka kukaa naye kwa muda, kwa sababu kisa chake kina pande zaidi ya moja, na kwa sababu ni mtu ambaye wengi wetu tulijivunia. Aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, Nairobi, kwa miaka kumi hivi. Alirudi, akawa mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Pamoja na hayo alianzisha shule ya sekondari ya wasichana Dar es Salaam na kuipa jina la Barbro Johansson, mwalimu wa asili ya Sweden aliyeitumikia nchi hii mpaka akawa mbunge wetu. Shule ipo, wasichana wamesoma na wamefaulu. Hilo halipingiki na silipingi.

Utetezi wake ulikuwa huu. Shule ilikuwa na deni benki. Yeye kama mwanzilishi aliomba mchango. Rugemalira alikubali kuchangia, akataka fedha zipitie akaunti itakayofunguliwa Mkombozi. Alifungua, fedha zikaingia kwa jina lake, akazihamisha kwenda kulipa deni la shule. Hakuona kosa, na aliwaita waandishi wa habari kueleza kwamba hatajiuzulu kwa jambo jema. Desemba 22 Rais akawaambia wazee kwamba serikali imemwomba aachie uwaziri. Februari 2015 akafika mbele ya Baraza la Maadili, chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, katika ukumbi wa Karimjee, akilalamikiwa kuomba na kupokea fadhila za kiuchumi. Alipoulizwa kuhusu shilingi milioni 10 zilizochukuliwa taslimu kutoka akaunti ile, alijibu kuwa zilikuwa za mboga na matumizi mengine.

Nchi ilicheka, ikakasirika, ikatengeneza misemo. Mimi sikucheka. Mwezi uleule wa Novemba 2014, kila kata nchi nzima ilikuwa mbioni kumaliza maabara tatu za shule ya sekondari kwa agizo la Rais, na mzigo uliwaangukia wananchi. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya shule ya kata yetu. Tulikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni ya bluu katikati, ile inayochafua vidole, na kila jioni nilikuwa nalinganisha vishina na fedha zilizomo kwenye kopo la maziwa ya unga. Mama mmoja muuza vitumbua alileta 5,000 za noti za mia tano, zimenuka mafuta. Nilizihesabu, nikamwambia aende tu, nitamwandikia kesho. Akakaa kwenye benchi. Akasema atasubiri karatasi yake. Nikaandika: jina, kiasi, "kwa ajili ya maabara", tarehe, sahihi. Akaikunja akaiweka kwenye pindo la kanga.

Yule mama alielewa kitu ambacho waziri alishindwa kukieleza Karimjee. Mchango wa shule unaandikwa jina la shule. Unaingia akaunti ya shule. Bodi ya shule inakaa, inaandika muhtasari, inatoa stakabadhi, inaandika barua ya shukrani. Mwanzilishi anaweza kuwa na moyo safi kama theluji ya Kilimanjaro, lakini fedha ikipita kwenye akaunti yake binafsi, hata kwa siku moja, imekuwa yake kwa siku hiyo. Siku hiyo mtoaji anajua amempa nani. Na ikitoka milioni 10 za mboga njiani, basi njia yenyewe ndiyo imetoa ushahidi.

Kuna jingine zito zaidi, nalo wengi walilipita. Waziri anapoomba, je, hilo ni ombi? Mfanyabiashara mwenye kesi, mwenye leseni, mwenye kiwanja kinachosubiri hati, akipokea barua ya kuomba mchango kutoka kwa Waziri wa Ardhi, hasomi kama unavyosoma wewe bahasha ya harusi ya jirani. Anapima. Huenda waziri hakufikiria kabisa kumlipa fadhila, na mimi sina sababu ya kudai alifikiria. Lakini mfanyabiashara wa pili, ambaye hakuombwa au hakuwa na milioni ya dola, yeye anapimaje haki yake atakapokwenda wizara ileile? Maadili ya uongozi yamewekwa kwa ajili ya huyo wa pili. Hatajwi kwenye ripoti yoyote, hana akaunti Mkombozi, na ndiye aliyedhulumiwa.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Namba 13 ya 1995, kama ilivyosomeka wakati ule, haikuwa na utata hapa. Takrima ndogo ya kawaida kiongozi aliruhusiwa, mradi thamani isizidi shilingi 50,000. Ikizidi, aitamke kwa maandishi na kuikabidhi kwa ofisa masuuli wa ofisi yake, ambaye ndiye ataamua itumikeje. Bilioni 1.617 ni kiwango hicho mara 32,340.

Aliyekuwapo tangu mwanzo

Andrew Chenge alipokea kiasi hichohicho. Yeye hakusema ni mchango wa shule. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005. Kwa maneno mengine, IPTL iliposaini mkataba 1995, mshauri mkuu wa sheria wa serikali alikuwa yeye. Sheria ya Maadili ilipotungwa mwaka uleule, mshauri mkuu wa sheria alikuwa yeye. Mwaka 2008 alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada, baada ya kuonekana ana zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Na mwaka 2014, miezi michache baada ya fungu la Mkombozi kuingia, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uandishi ya Bunge Maalumu la Katiba.

Hapo ndipo ninaposhikwa na uchungu. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na sura nzima ya maadili na miiko ya uongozi. Ilisema wazi kwamba zawadi anayopewa kiongozi katika utumishi wa umma ni mali ya Jamhuri. Rasimu ile ilikabidhiwa kwenye Bunge Maalumu kuandikwa upya, na kalamu ya kamati ya uandishi ikashikwa na mtu ambaye mwaka huohuo alikuwa amepokea dola milioni moja kutoka kwa mfanyabiashara, huku nchi ikiwa haijui.

Mbele ya Baraza la Maadili, Chenge aliweka mezani amri ya Mahakama Kuu na kutaka shauri lake lisisikilizwe. Ni haki yake kisheria, na mawakili watasema alifanya alichopaswa kufanya. Hata hivyo kiongozi anayetumia mahakama kuzuia asiulizwe alipata wapi fedha ameshatueleza anavyoiona ofisi ya umma.

William Ngeleja naye aliwahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, na fungu lake lilikuwa 40,425,000. Alisema ni msaada kwa shughuli za jimbo lake la Sengerema. Julai 2017, wiki tatu baada ya Rugemalira na Sethi kukamatwa, aliitisha waandishi na kutangaza kwamba amezirudisha serikalini, akaongeza kuwa alishazilipia kodi ya mapato shilingi 13,138,125. Nimeliwaza sana hili la kodi. Ikiwa ni msaada wa jimbo, kwa nini ulipiwe kodi kama mapato ya mtu? Na ikiwa ni mapato, yalitokana na kazi gani? Nampa haki yake kwamba alirudisha, tena kiasi chote. Lakini alirudisha mwaka wa nne, baada ya pingu kuonekana mahakamani Kisutu. Kama angeandika barua moja kwa ofisa masuuli Februari 2014, wala jina lake lisingesomwa bungeni Dodoma.

Miiko tuliyoivua wenyewe

Wazee wetu walikuwa na jibu fupi kwa haya yote. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na nyumba za kupangisha. Waliita miiko, na neno lenyewe lilitosha. Mwiko hauna kifungu kidogo cha (e). Huli nyama iliyo mwiko kwa ukoo wako, basi.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM iliilegeza miiko hiyo. Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kabla ya hapo kilikuwa asali. Watu walificha mali kwa majina ya ndugu, na mshahara wa kiongozi haukutosha hata sabuni. Ila kilichokuja badala yake, sheria ya 1995, kilihamisha jambo zima kutoka kwenye aibu kwenda kwenye fomu. Kiongozi anajaza tamko la mali kila mwaka, Sekretarieti ya Maadili inalihifadhi, mwananchi wa kawaida hasomewi hadharani. Baraza la Maadili likimkuta mtu na hatia linaandika taarifa na mapendekezo kwa mamlaka, na mamlaka ndiyo iliyomteua.

Katikati hapo tukaongeza neno takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kama desturi. Mahakama Kuu iliyafuta 2006 kwa kuwa yanakiuka Katiba, lakini tayari miaka sita ilikuwa imepita tukifundishana kwamba mkono unaotoa kwa mwenye cheo, au wa mwenye cheo unaotoa kwa wanyonge, ni ukarimu tu wa Kiafrika. Nalipinga hili kwa nguvu zangu zote. Bibi yangu alikirimu wageni maisha yake yote, na hakuna mgeni aliyetoka kwake na kitu kisichoweza kusemwa barazani. Ukarimu hujulikana na majirani. Kinachofichwa mpaka CAG aje na karatasi za benki, lugha yetu ina maneno yake: mshiko, mlungula, kitu kidogo. Hiki tu kilikuwa kikubwa.

Nani alilipa gharama

Werema alijiuzulu Desemba 16, 2014, akieleza kuwa ushauri wake kuhusu Escrow haukueleweka na umechafua hali ya hewa. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alijiuzulu Januari 2015, akarudishwa wizara ileile Desemba 2015. Katibu Mkuu wake, Eliakim Maswi, alisimamishwa, kisha akasafishwa.

Waliopandishwa kizimbani kwanza, Januari 2015, ni maofisa wa ngazi za kati, wanasheria na wahandisi wa ofisi za umma, kwa makosa ya kupokea rushwa. Fedha zilezile, benki ileile. Kwa ofisa wa kati zikaitwa rushwa na kusomwa Kisutu. Kwa waziri na mbunge zikaitwa suala la maadili na kusomwa Karimjee, kwenye viti vya ukumbi. Sijapata maelezo ya tofauti hiyo yanayonitosha, isipokuwa cheo.

Rugemalira na Sethi walishtakiwa Juni 2017 kwa uhujumu uchumi na kuisababishia serikali hasara ya zaidi ya dola milioni 22.1 na shilingi bilioni 309.4. Walikaa rumande miaka minne. Sethi alikiri kosa 2021 na kuachiwa kwa masharti, na Septemba mwaka huo mashtaka ya Rugemalira yakaondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Watoaji walilala mahabusu zaidi ya siku elfu moja. Wapokeaji wenye vyeo walilala kwao.

Tibaijuka aligombea tena Muleba Kusini 2015 na akashinda. Kafulila aligombea tena Kigoma Kusini na akatangazwa ameshindwa. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba mwaka huo, kabla ya kura kupigwa. Chenge alirudi bungeni kwa Bariadi, na Januari 2016, miezi kumi na minne baada ya azimio la kumtaka aachie uenyekiti wa Kamati ya Bajeti, Bunge jipya lilimchagua kuwa mmoja wa wenyeviti wa Bunge. Spika na naibu wake wanapokuwa nje, wao ndio wanaokalia kiti. Kila mbunge anayetaka kusema, wa chama chochote, anasimama, anainamisha kichwa kidogo na kuanza: "Mheshimiwa Mwenyekiti."